Tulichokiona Butiama kwa Muzee Nyerere
Maneno yaliyosemwa mbele ya mkutano wa wanachama, Bukavu



Mulitutuma, tukaenda, tumerudi. Tulikuwa watu sita: wanachama wane, na sisi wawili tunaozunguka pamoja nanyi vijijini kwa mambo ya mashamba. Tulipita Ruzizi, Kigali, Rusumo mpaka Mwanza, kisha tukashika njia ya Musoma hadi Butiama.

Kuko waliouliza: kwa nini muende kuangalia nyumba ya prezida wa inchi ingine? Jibu ni fupi. Wengi wenu mulikaa ukimbizini katika inchi yake, Nyarugusu na Lugufu. Na yeye ni prezida aliyeacha kiti na kurudi kijijini kwao. Mobutu wetu alizikwa Rabat, Moroko, na majumba yake ya Gbadolite yaliporwa 1997. Nyerere aliacha uprezida 1985, akarudi Butiama kulima. Kazi ya chama aliendelea nayo hadi 1990, lakini nyumbani kwake palikuwa pale, kwenye shamba. Alikufa London tarehe 14 Oktoba 1999, wakamurudisha, wakamuzika kwao.

Ile sehemu ya familia inaitwa Mwitongo. Tulipoambiwa maana yake, mama mumoja wetu aliyekaa sana Burundi alicheka: "Mbona hiyo ni itongo!" Kwa Kizanaki, Mwitongo ni mahali palipokuwa boma la zamani, pale Kiswahili kinapaita mahame. Ni mawe makubwa, miti, na nyumba za familia. Kuko makumbusho yaliyofunguliwa 1999, mwaka ule ule aliokufa. Kaburi lake liko karibu na makaburi ya wazazi wake, Chifu Nyerere Burito, aliyekufa 1942, na mama Mugaya Nyang'ombe.

Pale kwenye makaburi tulinyamaza kidogo. Kisha yule mama akauliza kwa sauti ya chini: "Na sisi, nani atatuonyesha makaburi ya wazazi wetu?" Alipokimbia 1996 alikuwa na mtoto mugongoni. Aliporudi, juu ya kaburi la baba yake alikuta muhogo wa mtu mwingine.

Musifikiri tulienda kusifu tu. Muzee mumoja wetu aliuliza jambo gumu. Mwaka 1973 Serikali ya Nyerere ilitoa amri kila mutu wa kijijini ahamie vijiji vya ujamaa, na mwisho uliwekwa 1976. Mamilioni walihamishwa, wengine kwa nguvu, wakaacha nyumba zao. Muzee akasema: "Itongo lake limelindwa. Na ya wale?" Aliyekuwa akitutembeza hakukasirika. Alisema hata wao wanaulizana hivyo. Tunaleta ile swali hapa kwa sababu inatuhusu. Itongo la mukubwa lina mulinzi, lina watu wa kuandika habari zake. La mutu mudogo linalindwa na kumbukumbu ya jirani tu, na jirani anakufa.

Sasa tuangalie kwetu. Sheria ya tarehe 20 Julai 1973 inasema udongo ni wa Serikali. Mashamba ya kimila yaliachwa yangojee amri ya Prezida wa Jamhuri, na miaka na miaka ile amri haikutoka. Kule Bushi babu alitoa kalinzi, akapewa shamba mbele ya mashahidi. Karatasi hakuna. Shahidi ndiye karatasi. Ndiyo sababu mukirudi baada ya miaka ishirini munafika mbele ya shefu na mikono mitupu, na yule anayelima shamba lenu naye pengine alikimbia vita vingine, hana pa kwenda. Tumeona mambo ya namna hii mengi, na mara nyingi wote wawili wanasema kweli.

Kwa hiyo tulirudi na ombi moja. Kila familia ya shirika hili ipate ukurasa wake katika kaye moja, kabla mvua ya Septemba haijaanza na watu kutawanyika mashambani. Andikeni jina la aliyepewa shamba na aliyemupa. Andikeni mipaka: muto, jiwe, muti, na kama muti umekatwa, semeni ulikuwa wapi. Andikeni makaburi. Andikeni mashahidi walio hai, na mukawaone mwaka huu. Mama wajane na mabinti waandikwe kwa majina yao, wasifichwe nyuma ya shemeji au kaka. Na kama mutu mwingine anakaa pale leo, andikeni naye, tangu lini na kwa njia gani.

Hii kaye si hati. Haitamufukuza mutu, na tribinali inaweza kuikataa. Lakini siku ya kuketi mbele ya wazee wa kijiji, mutakuwa na neno la kuanzia.

Yule mama amekwisha kuandika ukurasa wa kwanza. Ni mistari saba. Mustari wa mwisho unasema: baba yuko chini ya muhogo, upande wa kijito. Aliyelima ule muhogo amekubali wakutane baada ya mavuno, na ameomba sisi tuwepo. Tutaenda.