Kuumwa na Nyoka: Usingoje Dalili

  Mimi ni muuguzi wa afya ya jamii, na leo nazungumza na akina mama na walezi.

Mtoto akiumwa na nyoka, alama ikiwa ndogo na mtoto anacheza, wengi wetu husema, "Tungoje tuone." Kungoja huko ni hatari.

Mnamo Septemba 1957 huko Chicago, Marekani, mtaalamu wa nyoka aitwaye Karl Schmidt alikuwa akimchunguza nyoka katika jumba la makumbusho. Alikuwa nyoka wa mitini aitwaye boomslang, ambaye hata hapa Kenya yupo. Alimwuma kidole gumba. Nyoka alikuwa mdogo na jino moja tu ndilo lililoingia lote, kwa hiyo Schmidt hakutafuta daktari. Alipanda gari la moshi akaenda nyumbani. Jioni fizi zilitoka damu. Asubuhi alijisikia nafuu, hata akapiga simu kusema atarudi kazini. Alasiri hiyo alifariki.

Sumu ya boomslang huzuia damu kuganda. Hufanya kazi polepole, na mgonjwa huvuja damu ndani kwa ndani. Ikiwa mtaalamu alidanganyika na kidonda kidogo, sisi je?

Basi mama, fanya hivi. Kwanza, mwondoe mtoto karibu na nyoka, umtulize. Usimfukuze nyoka ili kumwua. Pili, mvue bangili, pete na viatu kabla uvimbe haujaanza. Tatu, mguu au mkono ulioumwa usitikisike: ufunge na kipande cha ubao kwa leso, bila kukaza. Nne, angalia saa, kisha mpeleke hospitali mara moja. Asitembee, abebwe. Mkitumia pikipiki, akae katikati ya dereva na mtu mzima wa kumshika. Akitapika, mlaze kwa ubavu.

Usichanje, usinyonye kidonda, usifunge kamba kwa nguvu, usipake mafuta ya taa, wala usipoteze wakati na jiwe la nyoka. Usimpe aspirini, huzidisha kutokwa na damu. Swila akimtemea sumu machoni, yaoshe kwa maji mengi safi, kisha mwende hospitali.

Huko hospitali, damu kidogo huweza kuwekwa katika chupa safi ya kioo na kuachwa kwa dakika 20. Isipoganda, daktari hujua sumu imeingia, hata kama mtoto anacheka. Ndiyo maana huambiwa mlale hapo muangaliwe. Tafadhali msitoroke.

Si kila zahanati ina dawa ya kuzuia sumu ya nyoka. Kwa hiyo wiki hii, ukipeleka mtoto kliniki, muulize muuguzi: "Dawa hiyo iko hospitali gani karibu nasi?" Mwambie na yaya, na nyanya ya mtoto pia. Siku ya nyoka si siku ya kuanza kuuliza njia.