Njaa Si Saa: Hamu ya Chakula kwa Mkimbiaji wa Mbio Ndefu



Kuna kauli inayorudiwa katika viwanja vya mazoezi, nami nimekuja kuipinga: kwamba mwili haudanganyi, mkimbiaji ale akiona njaa.

Habari za homoni za utumbo mnazijua. Mbio kali huishusha ghrelini, inayoamsha njaa, na kuzipandisha zile za shibe. Basi pale mwili ulipopungukiwa zaidi, ndipo njaa inaponyamaza.

Wanaoitetea kauli hiyo husema njaa hurudi baadaye ikalipa deni. Hurudi, ndiyo, lakini hailipi. Majaribio ya Chuo Kikuu cha Loughborough yameonyesha kwamba aliyekimbia asubuhi hafidii siku hiyo hiyo nishati aliyoitumia. Hapo watetezi hao humtaja mtafiti Jean Mayer, ambaye mwaka 1956 aliwachunguza wafanyakazi wa kiwanda cha juti huko Bengali na kukuta wenye kazi nzito wakila zaidi. Jamani! Wale walifanya kazi kutwa, miaka nenda miaka rudi. Hawakumaliza kilomita 20 kabla ya staftahi.

Mimi mwenyewe niliwahi kuiamini kauli hiyo. Nikiwa mwanafunzi, kocha wetu alituambia tulisikilize tumbo. Baada ya mbio za Jumamosi sikuweza hata kuutazama ugali. Nilikunywa maji nikalala. Kabla mwaka haujaisha, mfupa wa muundi ulikuwa umepata ufa.

Ndiyo maana naithamini mno kazi ya mtafiti Vincent Onywera na wenzake ya mwaka 2004. Walikaa siku saba na wakimbiaji 10 Wakalenjin katika kambi ya Bonde la Ufa, wakipima kila sahani. Vijana walikula mara tano: saa 2 asubuhi, saa 4, saa 7, saa 10 na saa 1 usiku. Ugali, wali, viazi, kabichi, maharagwe, maziwa. Karibu sehemu moja kwa tano ya nishati yao ilitoka kwenye sukari, na chai ya kambini mnaijua ilivyo tamu! Pamoja na hayo, walipata kilokalori 2,987 kwa siku ilhali walitumia 3,605.

Nakubali kwamba matumizi hayo yalikadiriwa, na kwamba siku saba ni chache. Huenda pia wepesi kidogo kabla ya mashindano una faida. Lakini ikiwa wenye ratiba ya milo mitano bado walipungukiwa, je, anayengoja njaa? Tangu 2014 Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki imeupa upungufu huu jina lake kama hali ya kitabibu: hedhi hukatika kwa wanawake, na mifupa hudhoofika kwa wanawake na wanaume pia.

Kwangu mimi, kengele ya mpishi ni kifaa cha mazoezi sawa na saa ya kocha. Makocha mlio hapa, nawasihi: ipigeni ndani ya saa moja baada ya mbio, na asiye na hamu aketi mezani na wenzake, aanze na chai.