Ala Zinaposimulia: Hadithi Sita za Steven Wilson



Jioni hii naomba tuisikilize albamu moja kwa masikio ya watu wa fasihi. Ni *The Raven That Refused to Sing (And Other Stories)* ya Mwingereza Steven Wilson, iliyotoka Februari 2013. Wilson alikwisha kujulikana kwa bendi yake ya Porcupine Tree. Hii ni albamu yake ya tatu akiwa peke yake. Ni roki ya progresivu, mkondo uliochipuka Uingereza mwishoni mwa miaka ya 1960, wenye nyimbo ndefu zinazobadili mwendo njiani. Nyimbo ni sita tu, na kila moja ina kisa chake cha mizuka na mambo ya kutisha.

Ninachodai ni hiki: katika albamu hii, tukio kubwa la hadithi mara nyingi halimo kwenye maneno. Mwimbaji anatufikisha mlangoni, ananyamaza, na ala ndizo zinazoingia ndani. Anayesoma beti peke yake amesoma nusu ya kisa.

Chukueni “Drive Home”. Mwanamume anaendesha gari usiku, mpenzi wake kando. Anageuka, kiti ni kitupu. Anaishi na fumbo hilo hadi mzuka wa mwanamke unaporudi kumkumbusha ajali ambayo akili yake iliificha. Maneno ni machache na ya upole. Kisha sauti ya mtu inakoma, na gitaa la Guthrie Govan linashika usukani. Govan anasifika kwa kasi ya vidole, lakini hapa anaanza taratibu: anavuta noti, anaiacha itetemeke, ndipo anaongeza nyingine. Kasi inakuja baadaye, sikio likiwa limekwisha kuridhia. Kwangu mimi, hapo ndipo yule mtu anapokumbuka. Wilson hakumpa sentensi ya kukiri, na alifanya vyema, maana maumivu yaliyozikwa namna ile yangepungua uzito kama yangetamkwa waziwazi.

Kazi ya namna hii inataka wanamuziki wanaosikilizana. Ndiyo maana Wilson aliwakusanya wenzake wapige pamoja katika studio ya EastWest, Los Angeles, na kumkabidhi kazi ya kurekodi Alan Parsons, fundi sauti aliyeshiriki kuijenga *The Dark Side of the Moon* ya Pink Floyd mwaka 1973.

Kuna ala moja ninayotaka tuitazame kwa karibu. Melotroni ni kinanda ambacho chini ya kila kitufe mna utepe wenye sauti iliyokwisha kurekodiwa: fidla, filimbi, au kwaya. Ukibonyeza, utepe unapita. Baada ya takriban sekunde 8 unafika mwisho, na sauti inakatika hata kama kidole bado kimekaza. Albamu hii ilitumia melotroni ya King Crimson, kundi lililoipa ala hiyo heshima mwaka 1969. Kwa hadithi za marehemu wanaorudi, sijui ala inayofaa kuliko hiyo: waimbaji hawapo, pumzi zao zipo, na muda wao umepimwa.

Si kila wimbo unafaulu. Katika “The Holy Drinker”, kisa cha mcha Mungu mlevi anayeshindana na shetani kunywa, ala zinatangulia muda mrefu kabla ya neno la kwanza, nami naona zingeweza kuhamishiwa kisa kingine bila hasara. Lakini wimbo wa mwisho, uliobeba jina la albamu, unalipa deni lote. Mzee anayengoja kifo anamkumbuka dada yake mkubwa aliyefariki utotoni, aliyekuwa akimwimbia alipoogopa. Kunguru anakuja bustanini. Mzee anaamini ni dada yake, anamkamata, anamsihi aimbe.

Katika ngano zetu nyingi ndege huimba, na wimbo wake hufichua yaliyofichwa. Kunguru huyu anakataa. Piano inakwenda polepole, fidla zinajaa, na sauti ya Wilson inapanda ikirudia ombi lilelile. Sisi tunaosikiliza tunaisubiri sauti ya ndege, kumbe anayeimba muda wote huo ni mzee mwenyewe.