Mashua yenye majina mawili

Wandugu wanachama, na nyinyi wafadhili wetu, mbele ya kuanza kazi ya orodha, niwape habari ya mashua moja ya Ziwa Tanganyika.

Iliitwa Kingani, ya Wajerumani. Mwaka 1915 Waingereza walileta mashua zao mbili, Mimi na Toutou, kwa reli kutoka Cape Town mpaka ku Fungurume, hapa karibu yetu. Reli iliishia pale. Kutoka pale mpaka Sankisia, zaidi ya kilomita 200, zilivutwa na mashini za mvuke na ng'ombe kupita milima ya Mitumba. Nani alikata miti na kujenga madaraja? Watu wa inchi hii.

Tarehe 26 Desemba 1915 Kingani ikatekwa karibu na Kalemie ya leo. Wakaziba tundu, wakaiita Fifi. Februari 1916 ikazamisha Hedwig von Wissmann, mwenzake wa jana.

Götzen, meli kubwa, Wajerumani waliizamisha wenyewe. Ikainuliwa 1924, ikaitwa Liemba, na mwaka 1997 ikarudisha kwetu wakimbizi zaidi ya 75,000.

Mashua zina majina, hata mawili-mawili. Wajenzi wa madaraja wamebaki hesabu tu, na wale 75,000 vilevile. Wafadhili wanahitaji hesabu, sawa. Lakini orodha yetu itaandika jina, kijiji, na chombo ulichovukia. Mama na baba mliopanda Liemba, mupite kwa katibu Jumamosi, hata kama kikaratasi cha HCR kilipotea.