Kelele za simu si sauti ya Kalemie yote



Tangu Oktoba 2024, Rais Félix Tshisekedi alipotangaza kule Kisangani nia ya kuibadili Katiba, ukifungua simu utaapa kwamba Kongo nzima ni kambi mbili zinazotukanana. Sivyo. Wakongomani wasiotumia intaneti ni wengi kuliko wanaoitumia. Mama anayeanika ndakala ufukweni hana mega za kumjibu mtu wa Kinshasa au wa Brussels. Maoni anayo, tena mazito, ila hayamo mitandaoni.

Hata wenye simu, wengi husoma na kunyamaza. Huko Marekani, kituo cha utafiti cha Pew kilionyesha mwaka 2019 kwamba asilimia 10 ya watu wazima waliokuwa wakitumia Twitter waliandika asilimia 80 ya ujumbe wote wa kundi hilo. Tena mitandao hupandisha juu kinachochochea hasira, kwa kuwa ndicho kinachojibiwa sana.

Kwetu hapa Kalemie jambo hili linauma zaidi. Tulizika watu katika vita vya Watwa na Waluba. Tunajua hatari ya kusema "wale wote wanatuchukia" kwa maneno ya mtu mmoja.

Kwenye WhatsApp, ukiona mishale miwili juu ya ujumbe, ujue umepita mikono mingi. Ameandika mmoja, umeingia makundi ishirini. Kabla ya kuurusha, muulize jirani, muuza samaki, mwalimu wa mtoto wako: ninyi mnaonaje?