Vijana Wakishindwa, Bodi Hufanya Nini?

Januari 2018, mjini Queenstown, New Zealand, timu ya kriketi ya Uingereza ya vijana chini ya miaka 19 ilihitaji mikimbio 128 tu ili iingie nusu fainali ya Kombe la Dunia. Ilikwisha kufika 47 bila kupoteza hata wiketi moja. Mpira akapewa Lloyd Pope, kijana wa Australia mwenye nywele nyekundu na mkono wa kuuzungusha, naye akachukua wiketi 8 kwa mikimbio 35. Uingereza nzima ikaishia 96. Kati ya hiyo, Tom Banton peke yake alipiga 58.

Aliyeangalia ubao wa matokeo siku ile angeapa kwamba kizazi hicho hakina kitu. Lakini kikosi hicho kilikuwa na Banton, Will Jacks na Harry Brook, na wote watatu wakaja kuichezea timu ya wakubwa. Oktoba 2024 Brook alipiga mikimbio 317 katika mechi moja mjini Multan, dhidi ya Pakistani.

Mada hii inawahusu makocha na viongozi wa vyama, na inaanzia kwenye pengo hilo kati ya kipaji na matokeo. Hoja yake ni kwamba bodi nyingi humtafuta mkosaji ndani ya mechi iliyopotea, ilhali sababu imelala kwenye ratiba ya miaka miwili iliyopita.

Tatizo la msingi ni la kimaumbile. Timu ya vijana haizeeki pamoja. West Indies walitwaa kombe jijini Dhaka Februari 2016 kwa kuifunga India kwa wiketi 5, wakiongozwa na Shimron Hetmyer, pamoja na Alzarri Joseph na Keacy Carty. Miaka miwili baadaye mabingwa hao walipoteza mbele ya New Zealand na Afrika Kusini wakatoka hatua ya makundi. Timu pekee waliyoifunga kundini ni Kenya. Wengi wakauliza West Indies imeharibikia wapi, kana kwamba ni timu ileile. Haikuwa ileile. Kina Hetmyer walikwisha pita umri, na waliokuja nyuma yao walianza upya.

Hata ushindi wa 2016 haukuja kwa kipaji kitupu. Kabla ya mashindano, vijana hao walicheza mfululizo wa mechi tatu na wenyeji Bangladesh, wakapigwa zote tatu. Vipigo hivyo viliwafundisha viwanja vya huko. Na bahati nayo ilikuwapo: mechi ya makundi na Zimbabwe waliishinda kwa mikimbio 2, baada ya mpigaji wa mwisho wa Zimbabwe kutolewa kwa kutoka mstarini kabla mpira haujarushwa. Wangepoteza pale, huenda kocha wao angeandikiwa barua badala ya pongezi.

Bodi iliyoelewa somo hili la maandalizi vizuri kuliko zote ni ya Bangladesh. Baada ya vijana wake kutolewa na India katika robo fainali ya 2018, ilimwajiri Naveed Nawaz kutoka Sri Lanka, ikachagua kundi la wachezaji mapema, kisha ikawatafutia mechi. Ndani ya miaka miwili walicheza zaidi ya 30, nyumbani na ugenini, zikiwamo ziara za Uingereza na New Zealand. Njiani waliumia. Walipoteza fainali ya mashindano ya timu tatu nchini Uingereza mwaka 2019 mbele ya India, na mwezi uliofuata, jijini Colombo, wakapoteza fainali ya Kombe la Asia kwa India hiyohiyo. Siku hiyo India ilikuwa imepiga 106 tu. Bangladesh ikafia 101.

Hapo ndipo bodi nyingi zingevunja kambi. Ya Bangladesh haikumgusa kocha wala nahodha, Akbar Ali. Februari 9, 2020, mjini Potchefstroom, Afrika Kusini, vijana walewale walikutana tena na India, safari hii katika fainali ya dunia. India iliporomoka kutoka 156 kwa wiketi 3 hadi 177 wote nje, na Akbar akabaki uwanjani mpaka Bangladesh ikabeba kombe lake la kwanza la dunia. Furaha ilipofurika, vijana wa pande zote mbili wakasukumana, na Baraza la Kriketi la Kimataifa (ICC) likawaadhibu wachezaji watano. Nidhamu, kumbe, nayo inahitaji mwalimu wake.

Miaka miwili mingine ikapita, janga la Uviko likabana ratiba, na Bangladesh, mabingwa watetezi, wakamaliza nafasi ya 8 katika Kombe la Dunia lililofuata.

India yenyewe ilikuwa imechagua njia ya kushangaza kidogo. Rahul Dravid, aliyeanza kuwafundisha vijana wake mwaka 2015, alilalamika hadharani juu ya tabia ya kughushi umri: mtoto anayepunguziwa miaka hushinda leo kwa nguvu za mwili na kumziba mwenzake mwenye kipaji halisi. Bodi ya India hupima mifupa ya kifundo cha mkono kwa eksirei ili kujua umri. Mwaka 2016, baada ya fainali ile ya Dhaka, ikaamua kwamba mchezaji atacheza Kombe la Dunia la vijana mara moja tu. Maana yake ilijinyima uzoefu kwa hiari. Mwaka 2018 ikatwaa kombe kwa sura mpya, Prithvi Shaw akiwa nahodha.

Kwetu Afrika Mashariki hali ni ngumu zaidi, kwa sababu hata mechi 30 ni ndoto. Kenya ilirudi kwenye mashindano hayo mwaka 2018 baada ya miaka 16, na New Zealand ikaipiga 436. Vijana wa Kenya walijibu 193 kwa wiketi 4 tu: walijua kujilinda, hawakuwa wamezoea kufukuza. Uganda nayo mwaka 2022 ilichapwa na India kwa mikimbio 326. Hata hivyo Juma Miyagi, aliyekuwa kwenye kikosi hicho, alikuwamo katika timu ya wakubwa iliyoifunga Papua New Guinea kwenye Kombe la Dunia la T20 la 2024.

Mwaka 2025, jijini Lagos, Tanzania ilipata tiketi yake ya kwanza ya mashindano haya ya vijana. Kwa chama chake, na kwa vingine vyote, ripoti ya baada ya mashindano ya namna hii ingefaa ianze kwa jedwali: kila mchezaji alicheza mechi ngapi za ova 50 katika miezi 24 iliyotangulia, ngapi ugenini, ngapi dhidi ya warushaji wa mpira wa kuzunguka. Jedwali la pili lijazwe miaka minne baadaye, kuonyesha wangapi bado wanacheza.