Somo la Afya na Hesabu: Shilingi Yetu Ifanye Kazi Gani?

Somo letu la leo ni la afya, lakini pia ni la hesabu. Kwa hiyo kila mmoja awe na daftari na kalamu, na kiongozi awe na chaki.

Sote twaujua msemo huu: usipoziba ufa utajenga ukuta. Maana yake ni kwamba kuzuia ugonjwa ni rahisi kuliko kuuponya. Msemo huu ni wa kweli, lakini hautoshi. Hautuambii nyumba ina nyufa ngapi, wala ni ufa upi utakaoangusha ukuta. Kijiji chenye fedha kidogo hakiwezi kuziba nyufa zote kwa siku moja. Lazima kichague. Leo tutajifunza namna ya kuchagua.

Tuanze na jambo lililotokea huku kwetu, Nyanda za Juu Kusini. Iringa na Mbeya ni mikoa inayolisha mahindi sehemu nyingi za nchi yetu. Hata hivyo, mwanzoni mwa miaka ya 1980 watoto wengi wa Iringa walikuwa na utapiamlo. Mahindi yalikuwapo ghalani, na watoto walikonda.

Mwaka 1983 serikali yetu ilianza kazi katika vijiji 168 vya Mkoa wa Iringa, ikisaidiwa na Shirika la Afya Duniani na UNICEF. Fedha za msaada zilitoka Italia. Kila baada ya miezi 3 kijiji kilikuwa na siku ya afya. Watoto wenye umri chini ya miaka 5 walipimwa uzito hapo hapo kijijini. Kisha wazazi na viongozi walijiuliza: Ni mtoto gani ambaye uzito wake haupandi? Kwa nini? Sisi wenyewe twaweza kufanya nini? Wakatenda, kisha wakapima tena.

Sababu zilizoonekana zilikuwa nyingi. Mama alikuwa shambani tangu asubuhi, na mtoto alilishwa mara chache kwa siku. Uji wenyewe ulikuwa mzito. Tumbo dogo hujaa upesi kabla mtoto hajapata chakula cha kutosha. Surua, malaria na kuharisha vilimaliza nguvu iliyobaki. Basi, watoto walichanjwa, vikaanzishwa vituo vya kulelea watoto wadogo karibu na nyumbani, na akina mama wakafundishwa kutumia kimea. Kimea ni ulezi uliooteshwa, ukakaushwa na kusagwa. Ukikitia kidogo katika uji mzito, uji hulainika, na mtoto aweza kunywa chakula kingi zaidi katika kikombe kile kile.

Katika vijiji hivyo, mwaka 1984 watoto wapatao 6 katika kila 100 walikuwa na uzito mdogo wa kutisha. Mwaka 1988 walikuwa chini ya 2 katika kila 100.

Sasa twende kwenye hesabu. Hii ni hesabu ya mfano tu. Si ya kijiji fulani. Kiongozi, andika ubaoni.

Kijiji kina watoto 200 na shilingi 1,000,000. Njia ya kwanza ni kuwapeleka hospitali watoto waliokwisha dhoofu. Nauli, chakula cha mama na matibabu hufika shilingi 100,000 kwa kila mtoto. Gawanya 1,000,000 kwa 100,000. Wataponywa watoto 10.

Njia ya pili ni kupima watoto wote 200, kumpa posho mhudumu wa afya, na kufundisha kimea. Gawanya 1,000,000 kwa 200. Ni shilingi 5,000 kwa kila mtoto.

Je, tuseme njia ya pili ni rahisi mara 20? Hapana. Ngojeni kidogo. Katika njia ya kwanza tulihesabu watoto waliopona. Katika njia ya pili tumehesabu watoto waliopimwa. Kupimwa si kupona. Katika wale 200, wengi wangekuwa salama hata bila mizani. Tuseme waliookoka kwa sababu ya kazi hiyo ni 25. Gawanya 1,000,000 kwa 25. Ni shilingi 40,000 kwa kila mtoto.

Kwa hiyo ulinganishe shilingi 40,000 na shilingi 100,000. Njia ya pili bado ni bora, lakini si mara 20. Mtu akija kijijini na kusema, "Kazi hii ni rahisi, ni shilingi 5,000 tu," mwulizeni: shilingi 5,000 kwa kupata nini?

Yako mambo mengine matatu ya kukumbuka.

La kwanza, iko gharama isiyoandikwa daftarini. Mama akitembea saa tatu kwenda kupima mtoto wakati wa palizi, amelipa siku nzima ya shamba. Mizani ikija kijijini, gharama yake hupungua.

La pili, mizani haimlishi mtoto. Kijiji kikipima, kikaandika, kisha watu wakaenda zao bila kujadiliana na kutenda, fedha yote imepotea.

La tatu, njia ya bei ndogo haimfikii kila mtu. Mtoto aliyekwisha dhoofu hawezi kuponywa kwa mafundisho. Anahitaji daktari leo. Na nyumba iliyo mbali, ng'ambo ya mto, itagharimu zaidi kuifikia. Mara nyingi mtoto aliye hatarini yumo katika nyumba hiyo. Hesabu hutusaidia kuchagua, lakini haituruhusu kumwacha mtu.

Wala kazi hii haijakwisha. Uchunguzi wa taifa wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba katika Mkoa wa Iringa watoto 57 katika kila 100 walikuwa wamedumaa, yaani ni wafupi kuliko umri wao. Kwa nchi nzima walikuwa 30 katika kila 100. Hiki ni kipimo cha urefu. Kile cha mwaka 1988 kilikuwa cha uzito. Tusivichanganye. Lakini vyote viwili vyatuambia jambo moja: ghala lililojaa si ushahidi kwamba mtoto ameshiba chakula bora.

Sasa kiongozi azime redio, na darasa lijadili maswali haya:

1. Katika kijiji chetu, watoto huanza kudhoofu wakati gani wa mwaka, na kwa nini?
2. Tukipewa shilingi 1,000,000, tutazigawaje baina ya kuzuia na kuponya?
3. Ni nyumba zipi ambazo mhudumu wa afya hazifikii? Nani atakwenda huko?

Andikeni majibu yenu, na mpeleke nakala moja kwa serikali ya kijiji kabla haijapanga fedha za mwaka.